Sakafu Iliyolika Hadi Ukutani

Simu iliingia asubuhi ya Jumanne, niko jikoni kwangu Barking, mashariki mwa London, nachambua mchele. Mjukuu wangu aliipokea, akasikiliza kidogo, akaninyooshea huku akiniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakijibu, kwamba kuna mtu anamtaka Bibi Riziki. Sauti ya mwanamke iliniarifu kuwa Joan amefariki, usingizini, bila ya kuugua sana, na kwamba katika karatasi aliyoiacha aliandika majina ya watu wa kupigiwa simu, langu likiwa la kwanza. Nilishukuru, nikakaa kitako kwenye kiti cha jikoni na sinia ya mchele mapajani. Tulikuwa tumejuana kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulipeana zawadi za sikukuu, yeye za kwake na mimi za kwangu, na tulipokutana tulizungumzia magoti yetu na bei ya vitu kama wazee wote. Lakini tangu simu ile, kila nikimfikiria simwoni Joan wa juzi mwenye mkongojo. Namwona Joan wa mwaka ule mmoja wa shambani, amevaa koti la mvua la kijani, kashika nyundo, nywele zimemjaa vumbi la chokaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Mwezi wa Oktoba ejensi iliyonipa kazi ilinipigia ikaniambia kuna mzee wa shamba aliyepata kiharusi, anahitaji kea, mtunzaji wa kulala hukohuko, siku sita kwa wiki. Bi Zuwena, mama wa Kipemba niliyekuwa nimepanga chumba kwake, hakupendezwa. "Shamba? Hapa London?" aliniuliza, akidhani nimesikia vibaya. "Umetoka Wete umezikimbia karafuu, leo unakwenda kulima kwa Wazungu?" Nilimwambia silimi, namtunza mtu. Alinifungia vitumbua kwenye mfuko, akasema nikiona mambo si mambo nirudi, chumba changu hampi mtu. Nilipanda basi mpaka mwisho wa njia, pale ambapo London inakuwa kama inaona haya kujiita London: nyumba zinakatika, zinaanza seng'enge na tope, na nyuma ya miti unasikia magari ya barabara kuu kutwa nzima. Joan alikuwa akinisubiri kituoni. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi Stratford, mtoto pekee wa mzee, hajaolewa, amevuka arobaini. Alinichukulia begi langu kabla sijamkatalia, tukaenda kwa miguu njia nzima ya matope, na alizungumza bila kunitazama, kama mtu anayetaka kumaliza mabaya kwanza. Baba yake ni mkaidi. Nyumba ni baridi. Chumba changu si kibaya lakini kina kasoro moja, nitaiona mwenyewe.

Nilitarajia nyumba, nikakuta kama kijiji kidogo kilichohamwa. Katikati palikuwa na ua mpana wa saruji iliyopasuka, na majengo yameuzunguka pande zote nne. Upande mmoja lilisimama ghala kubwa la mbao zilizopakwa lami nyeusi, refu kuliko msikiti wowote niliokuwa nimeuona mpaka siku ile, na mlango wake unaweza kupitisha gari la ng'ombe na mzigo wake wote. Upande wa pili palikuwa na mazizi yasiyo na ng'ombe na banda la farasi lisilo na farasi, na kwenye pembe kighala cha nafaka kilichoinuliwa juu ya mawe yaliyochongwa mfano wa uyoga ili panya wasipande. Nyumba yenyewe ilikuwa imeupa ua mgongo. Uso wake wa matofali mekundu, madirisha yake mazuri na mlango wake wa heshima vyote vilitazama bustani upande wa pili, na uani yalibaki madirisha madogo na mlango wa jikoni tu. Chumba changu kilikuwa mwisho wa nyumba, juu ya jiko la zamani, nacho kilikuwa na ngazi yake ya nje iliyopandia uani. Kasoro ya Joan niliiona mara moja. Hakikuwa na njia ya kuingilia nyumba kubwa. Mzee alilala ghorofa hiyohiyo, nyuma ya ukuta wangu, hatua chache. Lakini kumfikia ilinilazimu kuteremka ngazi ya nje, kuzunguka ua, kufungua mlango wa jikoni, kukata sebule na kupanda ngazi nyingine. Nilimuuliza Joan kwa nini nisilale ndani. Akaniambia chumba kimoja dari lake limeanguka, na kingine kimefungwa, kilikuwa cha shangazi yake aliyeondoka zamani, na baba hataki kiguswe. Kulala chini mzee amekataa katakata. "Wafanyakazi wamelala kule siku zote," alisema, kisha akaona haya kwa neno lile, akanionyesha jinsi ya kuwasha hita.

Mzee alikuwa akiitwa Walter. Mbele yake nilimwita Mista Walter, na moyoni nilimwita Mzee Walter, kama ningemwita mtu yeyote wa umri ule nyumbani kwetu. Alikuwa na miaka themanini na kidogo, mrefu, mkono wa kulia umekufa, maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ardhi haikuwa yake, wala ya baba yake, wala ya babu yake. Walikuwa wapangaji wa shamba lile vizazi vitatu, na mashamba yenyewe wakati ule alikuwa akiyalima mtu mwingine kwa matrekta makubwa. Yeye alibakiwa na nyumba na ua. Wiki ya kwanza hakunisemesha ila kwa haja. Siku ya nane nilishuka jikoni nikakuta sufuria mpya na kikaango kipya juu ya meza, na yeye amekaa kando yake na uji wake. "Zako," alisema. "Joan ameniambia. Nguruwe." Alikuwa amemtuma mtu mjini akavinunue, kwa sababu chuma cha zamani kilikuwa kimekaanga nyama ya nguruwe miaka hamsini. Tangu siku ile tulikula meza moja, yeye na mkate wake wa siagi na mimi na samaki wangu wa nazi, na haikupita mwezi akaanza kunyoosha kijiko chake upande wangu.

Daktari aliagiza mzee atembezwe kila siku, basi tukawa tunauzunguka ua, ameshika mkongojo kwa mkono wa kushoto na mimi nimemkamata kwapani. Kila jengo tulilolifikia alisimama, si kwa kupumzika tu, bali kulieleza. Nilifahamu polepole kwamba shamba lile lilikuwa limehamahama bila ya kutoka mahali pake. Zizi la ng'ombe lilijengwa kwa nguzo za jengo jingine lililobomolewa; alinionyesha matundu ya zamani yasiyofungia kitu. Katika ghala kubwa alinifanya nipapase boriti mpaka vidole vyangu vikaingia kwenye alama zilizochongwa, mistari miwili, mistari mitatu, alama za mafundi waliolikata ghala lile chini kisha wakaliinua kipande kwa kipande. Na nyumba, alisema, zamani ilitazama ua. Mlango mkuu ulikuwa huku. Bwana na mkewe na watumishi waliingilia mlango mmoja, wakala meza moja, na walilala chini ya paa moja lililojaa moshi. Halafu wakaja wenye shamba walioona haya kutazama samadi. Wakajenga ukuta wa matofali upande wa bustani, wakahamishia mlango huko, na watumishi wakajengewa ngazi yao ya nje. Leo, baada ya maisha mazima ya kupima majengo ya watu, najua kuwa alichonieleza mzee yule kimetokea mashamba mengi ya nchi hii. Wakati ule nilidhani ni habari ya nyumba yake peke yake, na ya chumba changu.

Mwezi wa Novemba ilikuja barua. Mwenye ardhi alitaka kuyaondoa baadhi ya majengo, na kabla ya kuamuliwa, bibi mmoja kutoka ofisi inayohusika na majengo ya kale angekuja msimu wa vuli mwaka unaofuata kuona lipi linastahili kulindwa. Mzee aliniambia nimsomee mara mbili. Kisha akautazama mkono wake uliokufa. "Unajua kuchora?" aliniuliza. Nilimwambia skuli nilichora ramani za visiwa, basi. "Yatosha," akasema. Joan alituletea karatasi za miraba kutoka skuli kwake, tepu ya kupimia na penseli, na mimi nikawa na kazi ya pili: asubuhi namuogesha na kumlisha, mchana napima. Nilipima mazizi, nilipima ghala mpaka tepu ikaisha nikaanza tena, na jioni nilimtandazia karatasi mezani akanisahihisha kwa kidole cha kushoto. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi nikasahau njaa. Nilipokwenda Barking siku yangu ya mapumziko Bi Zuwena alinitazama akasema, "Wewe umekuwa na furaha. Kuna nini huko?" Nikamwambia kuna ghala. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Januari, alfajiri moja, nilikuwa juu ya mswala nikasikia kishindo nyuma ya ukuta, kisha sauti ya mzee, si ya kuita, ya mtu anayejizuia asiite. Nilikata sala. Ngazi ya nje ilikuwa imeganda barafu. Niliteleza vidaraja vitatu vya mwisho, nikaumia kiwiko, nikauzunguka ua nimejishikilia kuta, na mlango wa jikoni ukakwama kwa baridi. Nilipofika juu alikuwa sakafuni kando ya kitanda na paji la uso limechanika, amelala upande wake mzima, mdomo wa buluu. Aliniambia, polepole, "Nilikusikia. Ulikuwa unasoma. Karibu hivi." Na akaniashiria ukuta kwa macho. Alilazwa siku nne. Aliporudi, Joan alikuja Jumapili, na mimi nikapanda chumbani kwangu kuwaachia nafasi. Nilikuwa nakunja nguo karibu na kabati nikawasikia kana kwamba wamesimama upande wa pili wa pazia.

"Nimekwenda kuiona ile nyumba ya wazee," Joan alisema. "Ni safi, baba. Wana bustani."

"Wana ua?"

"Bustani, baba. Ina viti."

"Nimeuliza ua."

Kisha Joan, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada: "Ulilala sakafuni na yeye yuko hatua tano. Hatua tano, na hakuweza kukufikia. Nikikuacha hapa utakufa, na nitakuwa mimi niliyekuacha. Mwisho wa mwezi wa tatu, baba. Nimeshaandika jina."

Sikuwa na haki ya kusikiliza, na nilisikiliza. Lakini kilichonikaa kichwani baadaye si maneno tu. Nilikuwa nimeupima ukuta ule. Kwingine kote sikuwahi kusikia kitu. Kwa nini hapa? Nililisogeza kabati kwa bega langu mpaka likatoka. Chini yake mbao za sakafu zilikuwa zimelika. Katika chumba chote zilikuwa zimenyooka, lakini kutoka kichwani mwa ngazi hadi pale ukutani palikuwa na mfereji wa nyayo, laini kama ubao wa kufulia nguo, na mfereji ule ulikwenda moja kwa moja ukaingia chini ya lipu ya ukuta. Watu hawaendi ukutani. Niligonga kwa kifundo cha kidole, nikasikia mwangwi wa uwazi. Kesho yake nilitazama upande wa pili, kwenye kiukumbi kilichokuwa mbele ya chumba cha mzee. Chini ya zulia palikuwa vilevile.

Niliuchora kwenye ramani. Jioni nilipomtandazia karatasi nilimwonyesha na kumwambia, "Mista Walter, hapa watu walikuwa wakipita." Aliitazama ile mistari yangu miwili ya penseli. Hakusahihisha. Aliniomba nimpandishe kitandani, na siku mbili hakusema zaidi ya ndiyo na hapana, nikadhani nimemletea kiharusi kingine. Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, nikiwa namnyoa, alinishika mkono wenye wembe.

"Ni mlango," alisema.

"Nani aliuziba?"

"Mimi."

Alinieleza asubuhi nzima, na povu likamkaukia shavuni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwagawia wakulima wafungwa wa Kitaliano wawasaidie kazi, na nyumba yao ilipewa mmoja, jina lake Renzo, akalazwa katika chumba changu. Walter alikuwa na dada mmoja, Edith, mdogo wake. Asubuhi moja Walter alimwona dada yake amesimama kwenye mlango ule na kikombe cha chai, anampa Renzo juu ya kizingiti, na yule mtu amekipokea kwa mikono miwili. Hakuona zaidi ya hivyo. Akaenda akamwambia baba yao. Baba hakupiga mtu wala kufukuza mtu, maana alihitaji mikono ya kazi. Alimwambia Walter alete mbao na misumari. "Edith alisimama nyuma yangu," mzee alisema. "Alisema, 'Walter, usipige.' Mara moja tu. Nikapiga." Vita vilipokwisha Edith aliondoka na Renzo wakaoana. Ilikuja kadi moja, ina anwani. Hakujibu. Haikuja nyingine.

"Wapi?" nilimuuliza. Nilitarajia Italia.

"Bedford," alisema.

Joan alipokuja Jumamosi nilitaka kutoka, mzee akanizuia kwa kidole. Alimwambia mwanawe mwenyewe, neno kwa neno, na nilimwona Joan akibadilika rangi. "Nilikuuliza nikiwa mdogo yuko wapi," alisema. "Ukaniambia mbali."

"Ndiyo."

"Bedford ni saa moja kwa treni, baba."

"Najua ni saa moja," mzee alisema. "Nimeiangalia mara nyingi ratiba ya treni."

Joan alitoka uani akasimama kwenye mvua mbele ya ghala. Nilimpelekea chai, hakuinywa. Aliniambia kwamba maisha yake yote amekula Krismasi na watu wawili, halafu mmoja. Jumamosi iliyofuata hakuja shambani. Hakuandika barua, hakutafuta simu. Alichukua ile anwani ya nusu karne akapanda treni. Baadaye alinisimulia kwamba majirani walimwelekeza mitaa miwili mbele, na mwanamke wa miaka sabini na kitu alimfungulia, akamtazama tangu kichwani mpaka viatuni, akasema, "Una pua ya mama yangu. Ingia, unaniingizia baridi." Renzo alikuwa ameshafariki. Edith alikuwa na watoto wanne. Alimlisha Joan mpaka akashindwa, na hakutaja jina la kaka yake hata mara moja, mpaka Joan anavaa koti. Hapo ndipo aliposema atakuja, lakini kwa sharti moja. Mlango wa mbele haupiti. Aliondoka kwa ngazi ya uani na atarudi kwa ngazi ya uani, na kama hawezi kupita kwenda kwa Walter kwa njia ile, basi Walter amwache alivyomwacha.

Joan alinieleza haya jikoni Jumapili, na mzee akisikia. Kisha akasema, akiitazama meza, kwamba ameiomba ile nyumba ya wazee imngoje mpaka kiangazi. Mzee akauliza, "Nyundo iko wapi?" Nikamwambia labda tumsubiri bibi wa ofisi, tusije tukaharibu kitu cha kale. "Akija atatujazisha fomu," mzee akasema, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Tulimweka kwenye kiti katika kile kiukumbi, amejifunika blanketi, atuamrishe. Joan alipiga nyundo na mimi nikang'oa. Lipu ilianguka kwa mapande, vumbi likatukaba, na nyuma yake zikatokea mbao zilizopigiliwa misumari mirefu kuliko ilivyohitajika, mingine imepinda kwa kupigwa vibaya. Joan alilia wakati aking'oa, bila ya kusimama. Ubao wa mwisho ulipoanguka tuliona tusichokitarajia. Mlango wenyewe ulikuwa bado upo. Walter hakuutoa kwenye bawaba zake. Aliufunga tu, akauzika katikati ya kuta mbili. Tulipokwisha kung'oa na upande wa chumba changu, Joan alitia dole gumba kwenye kitasa, ukanung'unika, ukafunguka, na tukakiona kitanda changu na mswala wangu juu ya sakafu. Usiku ule nililala mlango umebaki wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia mzee akipumua.

Edith alikuja mwezi wa tano. Nilikwenda kumpokea stesheni. Alikuwa mfupi, mnene, amevaa nguo nyeusi na viatu vizuri, na mapajani ameshika chungu cha sosi ya nyanya kilichofungwa kwa taulo, kwa sababu, aliniambia kwenye teksi, hakumbuki kama nyumba ile iliwahi kuwa na chakula chenye ladha. Uani alisimama akageuka pande zote. "Nani ameweka saruji hii? Mabanda ya nguruwe yamekwenda wapi? Palikuwa na bwawa pale." Nilimwambia kaka yake amesema bwawa lilikuwa nyuma ya zizi. "Kaka yangu alitumbukia ndani yake," akajibu, "lakini mimi ndiye niliyemtoa. Lilikuwa pale." Alipanda ngazi kwa kushika mkono wangu, akaingia chumbani kwangu, akakizungukia kwa macho, akakigusa kitanda. Kisha akauendea mlango, akapita bila ya kusita, mimi nyuma yake.

Mzee alikuwa kwenye kiti, tai shingoni. Najua alikuwa amefanya mazoezi ya maneno wiki nzima, maana nilimsikia. Yote yalimpotea. Alisema, "Nilipiga misumari."

"Najua, Walter," Edith alisema. "Niliusikia kila mmoja."

Alivuta kiti akakaa karibu naye, karibu sana, magoti kwa magoti, akauchukua ule mkono uliokufa akauweka juu ya mapaja yake na kuanza kuusugua kama anaupasha moto. Joan alikuwa amesimama mlangoni. Nilimshika mkono tukateremka jikoni. Tulikula saa nane: kuku wa Joan, wali wangu wa nazi, na sosi ya Edith juu ya vyote, na wale ndugu wawili waligombana kuhusu lile bwawa mpaka chai.

Bibi wa ofisi alikuja Septemba, na daftari na viatu vya matope. Ramani yangu ilikuwa tayari, karatasi sita zilizogundishwa, bwawa mahali aliposema Edith. Wiki moja kabla, mzee alikuwa amenitaka niandike ndani ya kila jengo majina ya watu aliowakumbuka: nani alikamua zizi lile, nani alilala na farasi banda lile. Katika chumba cha juu ya jiko tuliandika wasichana wawili wa zamani za bibi yake, kisha mchunga ng'ombe, kisha Renzo. "Na lako," alisema. Niliandika: Riziki, kea. Aliisoma, akaichukua penseli kwa mkono wa kushoto, akalikata lile neno la pili kwa mstari uliotetemeka. "Andika, anaishi hapa," alisema. Nikaandika. Yule bibi alipofika kwenye karatasi ile alisoma, akauliza nani amechora, na aliponitazama aliniuliza nimesomea wapi. Nilimwambia sijasomea. Aliniandikia jina la chuo chenye masomo ya jioni. Ghala na nyumba vililindwa, mazizi hayakupona. Mimi nilianza chuo mwaka uliofuata, na kazi ile ya tepu na penseli ndiyo iliyonilisha mpaka nilipostaafu.

Mzee Walter alifariki Novemba, saa nne ya asubuhi, chumbani kwake, Joan upande huu na Edith upande ule, na mimi nimesimama kati ya vyumba viwili na bakuli la maji. Hakwenda ile nyumba ya wazee yenye viti. Kwa miaka mingi nilifikiri hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mwaka ule, kwamba mzee mmoja alifia mahali alipotaka, na kea mmoja akapata kazi. Nilifikiri hivyo mpaka Ijumaa iliyopita, nilipokwenda kumzika Joan. Nilivaa mapema na njia nzima nilikuwa na hofu ya jambo moja, kwamba tutakuwa watu watatu. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na ndugu wa tumbo moja, na Edith alishatangulia zamani. Nilimwambia mjukuu wangu tukae mbele ili pasionekane patupu. Tulipofika kanisani hatukupata pa kukaa. Wajukuu wa Edith walikuwa wamejaa safu hadi safu, watu wazima na watoto wao, wamekuja kwa magari na kwa treni kutoka Bedford, wanaitana kwa majina ya Kitaliano na Kiingereza cha kwao, wanalia bila ya kificho. Mmoja alinitambua, akawaambia wenzake mimi ni nani, wakanisogezea nafasi. Sita kati yao walilibeba jeneza. Mtoto mdogo aliyekuwa mbele yangu alimuuliza mama yake kwa nini watu ni wengi hivi, na mama yake akamnong'oneza, "Kwa sababu alikuwa shangazi wa kila mtu."